Ng'ombe Aliyeitwa Kitale na Miezi Yake Miwili ya Kupumzika

Nyinyi vijana mnaonipigia simu kutoka Lodwar, Kerio na hata Lokiriama, wote mnaniuliza jambo moja: ng'ombe wa maziwa alishwe nini ili atoe mengi. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza namna ya kumfanya aache kutoa. Mnacheka? Mama Ekal naye alicheka nilipomwambia habari hizo, tena alicheka huku ameshika ndoo iliyojaa. Baadaye hakucheka. Halafu akacheka tena. Basi ngoja niwasimulie.

Mimi sasa ni bibi mstaafu. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, na kwa miaka mingi nilizunguka na pikipiki, gambuti miguuni, kisanduku cha dawa kimefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Watu waliniita daktari, nami nilichoka kuwakatalia. Daktari mwenyewe alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma aliyeletwa Lodwar akasema atakaa mwaka mmoja, akaishia kujenga. Huyo ndiye aliyenifundisha kiwele.

Alinifundisha kwa glavu. Alijaza maji kwenye glavu ya mpira, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wa ofisi, akanipa pamba na spiriti. "Haya, Akiru. Chuchu hizo. Anza." Nilifanya zoezi hilo mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Wageni wenye shida zao walifika mlangoni, wakatukuta tumechuchumaa tunakamua mlango, wakarudi nyuma taratibu wakidhani wamekosea ofisi.

Sasa, Kitale. Kitale alikuwa ng'ombe. Mama Ekal alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara pale Kakuma mjini, na alimnunua ng'ombe wa maziwa aliyeletwa kwa lori kutoka mji wa Kitale. Watu walipouliza, "Ile Kitale imefika?" jina likashika hapo hapo. Ilikuwa raha kusikiliza mazungumzo ya pale kibandani. "Kitale amekohoa usiku." "Kitale hataki kula." Wageni wasiojua walitoa simu kuwauliza jamaa zao huko mjini kumetokea nini.

Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akiendesha kibanda. Walimu, vijana wa boda, na akina mama wa Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi walikuja asubuhi kwa sababu chai ya Mama Ekal ilikuwa nzito, ya maziwa halisi. Mkamuaji wake alikuwa Nyandeng, mama kijana kutoka kambini, aliyekulia kwenye ng'ombe kwao kabla vita havijawatawanya. Nyandeng alikuwa akimwimbia Kitale kwa sauti ndogo, na Kitale alikuwa akishusha maziwa kwa ajili yake tu. Ukijaribu wewe, utapigwa teke.

Lakini Kitale alikuwa na jeraha la zamani. Alipozaa mara ya kwanza pale Kakuma, Mama Ekal alikuwa amemkamua mfululizo mpaka siku ya kuzaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine. Robo moja ya kiwele, ya nyuma upande wa kushoto, ilivimba ikawa ngumu kama jiwe, ikatoa maji ya manjano, na mwisho ikafa. Ndama naye alikuwa dhaifu, hakuishi. Kitale akabaki na chuchu tatu zinazofanya kazi. Tangu hapo Lopeyok, mwenye bucha ya jirani, akawa haachi kupita zizini. Anamsalimu ng'ombe kwanza, "Ejoka, Kitale?" kisha ndipo anamsalimu mwenye ng'ombe.

Kitale akashika mimba tena. Siku yenyewe mtaa mzima uliikumbuka, kwa maana dume la Sahiwal lililokuja kumpanda lilipitia ua wa kanisa na kuuangusha wakati wa mazoezi ya kwaya. Kwa hiyo hesabu ya kuzaa haikuwa na ubishi. Ilipobaki kama miezi miwili, nikaenda kwa Mama Ekal.

"Mama Ekal, wakati umefika. Tumkaushe Kitale."

"Kumkausha aje?"

"Tuache kumkamua. Apumzike mpaka azae."

Ndipo akacheka. "Akiru, hii jua imekupata? Ng'ombe inatoa maziwa, watu wanakunywa, halafu mimi niambie ng'ombe, enda lala?"

"Ndiyo."

"Na chai?"

"Nunua maziwa ya unga."

"Maziwa ya unga!" Alivyolitamka neno hilo ungedhani nimemtukana mama yake.

Nilikaa nikamweleza kama Wafula alivyonieleza mimi. Ng'ombe mwenye mimba kubwa anajenga ndama na kujenga upya kiwele chake kwa pamoja. Usipompa nafasi, atazaa akiwa na kiwele kilichochoka, na maziwa yatakayofuata yatakuwa haba. Na kuna hili la ugonjwa. Unapokamua kila siku, maziwa yanayotoka yanasukuma nje baadhi ya vijidudu vilivyopenya. Ukiacha, hakuna kinachovisukuma. Ndani ya chuchu hujifunga kizibo kama nta, ndicho mlango wake, lakini hakijifungi siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo baada ya kuacha kukamua, na siku za mwisho kabla ya kuzaa, hizo ndizo hatari. Ndiyo maana siku ya kuacha hutiwa dawa ya kukaushia, nayo hulinda wakati ng'ombe anapumzika.

"Ile robo yake ilikufa kwa sababu ya hiyo?" akauliza.

"Siwezi kuapa. Lakini hakupata nafasi ya kupona."

Alimtazama Kitale kwa muda, kisha akatazama barabarani, ambako Lopeyok alikuwa amesimama mlangoni pa bucha yake akinoa kisu. "Sawa," akasema. "Kausha."

Tukaanza. Kwa siku kadhaa tulimwondolea chakula cha dukani, tukambakishia nyasi kavu na maji. Maji hatukumnyima, na hapa mnisikilize. Wako watu huko kwenye baridi wanaomnyima ng'ombe maji ili akauke haraka. Ukifanya hivyo kwa joto la Kakuma, utakausha ng'ombe mzima.

Siku ya kufunga, nilikamua kwanza mkupuo mmoja mmoja wa kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Weusi unaonyesha mabonge ambayo kwenye ndoo nyeupe hutayaona. Hayakuwepo. Nyandeng akamkamua mpaka tone la mwisho, akiimba. Kisha nikasafisha ncha za chuchu kwa pamba yenye spiriti, nikianza na zilizo mbali nami, pamba mpya kwa kila chuchu, nikirudia mpaka pamba itoke safi. Kutia dawa nikageuza, nikaanza na zilizo karibu. Sababu yake ni kwamba mkono unaonyooshwa mbali usije ukagusa chuchu ambayo umekwisha kuisafisha. Dawa huwa kwenye kibomba cha plastiki, na ncha yake huingizwa kidogo tu kwenye tundu la chuchu, usiizamishe yote, halafu unasukuma polepole na kupapasa dawa kuelekea juu. Robo iliyokufa niliiacha. Mwisho nikazichovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu, na tukamfanya Kitale asimame nusu saa hivi akila, asilale vumbini ncha zikiwa wazi.

"Kalas?" Nyandeng akauliza.

"Kalas, imekwisha. Sasa kiwele kitajaa, kitavimba kidogo, mtakiona kinang'aa. Msikikamue. Kikijaa vya kutosha mwili wenyewe utayarudisha yale maziwa. Lakini robo moja ikiwa ya moto, au ngumu, au ikimuuma, niiteni."

Nikamwambia Mama Ekal pia kwamba asimwachishe Nyandeng kazi eti kwa kuwa hakuna kukamua. Mchanga wa zizi ubadilishwe, mavi yaondolewe, miiba ya mathenge iokotwe, inzi wafukuzwe. Nyandeng akaitikia. Mama Ekal naye akaitikia, ila haraka mno. Nilipaswa kulitambua hilo.

Nikaitwa Nariokotome kuchanja mbuzi. Niliporudi Kakuma asubuhi moja nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nilipita kibandani moja kwa moja. Wateja walikuwa wamejaa. Mama Ekal akaniletea kikombe mwenyewe, akaniuliza habari za safari, habari za mbuzi, habari za mbuzi tena. Nikaiinua chai. Juu yake palikuwa na utando mnene wa malai.

Wanangu, maziwa ya unga hayafanyi malai namna ile.

"Mama Ekal. Haya ni maziwa gani?"

"Ya unga."

"Ya unga gani?"

"Ya... supamaketi."

Nilikiweka kikombe chini. "Umemkamua."

Mama Ekal akajifuta mikono kwenye leso yake, kisha maneno yakatoka yote kwa mpigo. "Nilikamua kidogo tu! Wateja walianza kuenda kwa yule mwingine huko mbele. Na kiwele ilijaa, Akiru, ilijaa mpaka ng'ombe inaniangalia. Mimi nimenyonyesha watoto. Najua maziwa ikijaa inauma aje."

"Mama, yale maziwa yana dawa! Dawa niliyoitia mimi!"

Kijana mmoja wa boda akatazama ndani ya kikombe chake. "Kwani tumekuwa tunakunywa dawa ya ng'ombe?" Akajipapasa kiuno. "Ndiyo maana mgongo umeacha kuuma!"

Walicheka mpaka wengine wakamwaga chai wenyewe kabla sijawaambia. Mimi sikucheka wakati ule, ingawa sasa nacheka. Kuna watu ambao mwili wao haupatani na dawa hizo, na kikombe kimoja chaweza kuwaletea balaa. Na dawa ikinywewa kidogo kidogo hivyo, vijidudu huizoea, kesho mtoto akiugua haimsaidii. Kwa bahati hakuna aliyedhurika. Tulimwaga sufuria nzima shimoni mbele ya wateja, na nilimwona Mama Ekal akiifuata kwa macho mpaka tone la mwisho.

Nikamvuta kando. "Hao watoto uliowanyonyesha, uliwaachishaje?"

"Niliacha tu."

"Maziwa hayakujaa?"

"Yalijaa. Yaliuma. Kisha yakaisha."

"Ulikuwa ukiyakamua?"

"Hapana, mama yangu alinikataza. Aliniambia ukikamua yatarudi..." Akaniangalia, mkono ukapanda mdomoni. "Akuj! Mungu wangu!"

"Hata Kitale ni mama," nikamwambia.

Wakati huo Nyandeng alikuwa ametokea nyuma ya kibanda. Hakuwa ameambiwa habari za kukamua kwa siri, Mama Ekal alikuwa akifanya hivyo kabla yeye hajafika kutoka kambini. "Ya mama," akaniambia, kama wanavyomwita mama kwao, "njoo uangalie. Kitale anasimama vibaya."

Kitale alikuwa amesimama miguu ya nyuma ameitanua, kichwa chini, masikio yameanguka. Nyasi hakuzigusa. Niliweka kiganja kwenye robo ya mbele upande wa kulia, akarusha teke. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Kwenye kikombe cheusi yalitoka mabonge kama mtindi uliokatika. Mikono ilifungua mlango uliokuwa ukijifunga, na mikono hiyo ilikuwa imetoka kushika makaa na sufuria.

Robo moja ilikwisha kufa. Ya pili ikifa, atabaki na mbili, na ng'ombe mwenye mbili hakuna atakayemlisha nyasi za kununua. Mama Ekal alilijua hilo bila kuambiwa. Alikaa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, akaanza kulia kimya kimya.

Nikampigia Daktari Wafula. Akasema anakuja, akatoka Lodwar mara moja, lakini mvua ilikuwa imenyesha huko milimani na laga, mto wa msimu, ikajaa na kukata barabara. Akanipigia akiwa upande wa pili, nyuma yake nasikia maji yakiunguruma na makondakta wakibishana.

"Akiru, mimi hapa ni mtazamaji tu. Niambie unaona nini."

Nikamwambia kila kitu: joto la mwili, rangi ya maziwa, namna anavyopumua. Akaniuliza dawa nilizo nazo kisandukuni, akanielekeza ipi nimchome na ipi niitie kwenye chuchu, na kiasi gani. "Na mtoe hayo machafu mara nyingi. Asubuhi, mchana, jioni, kila mkipata nafasi. Mmwage mbali, si hapo anapolala. Maji ya baridi kwenye kiwele. Umesikia? Na wewe pia unywe maji, najua hujanywa."

Tuligawana kazi. Nyandeng alikamua, kwa kuwa Kitale hakumkubali mwingine, na ng'ombe mwenye maumivu akikataa, umekwisha. Alikamua ile robo mbovu kwa vidole viwili, polepole, akiimba, jasho likimdondoka. Mimi nilichoma sindano na kupima joto. Mama Ekal alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za msiba, akawa analowesha gunia kwa maji na kulibandika kiweleni.

Mchana Lopeyok akaja. Akasimama kwenye ua, akaweka uso wa huzuni. "Ejoka, Kitale? Mama Ekal, pole. Mimi naweza kusaidia kumwondoa kabla hajakonda."

Mama Ekal aliinuka na mwiko. Sikujua Lopeyok anaweza kukimbia hivyo na tumbo lile. Nyandeng alicheka mpaka akaegemea ubavu wa ng'ombe, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuvusha siku hiyo.

Siku mbili zilipita hivyo, ndefu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Nyandeng amefika kabla yangu, amekaa mbele ya Kitale, na Kitale anatafuna. Si sana, lakini anatafuna. Robo ilikuwa imelegea, na kwenye kikombe mabonge yalikuwa machache. Laga iliposhuka Wafula akafika, akamkagua ng'ombe kuanzia pembe mpaka mkia, akamwangalia Nyandeng, akaniangalia mimi. "Mmenimalizia kazi," akasema, akaomba chai. Mama Ekal akamletea ya rangi, bila maziwa, akiwa ameinamisha macho. Wafula akainywa yote, akaomba nyingine.

Tulimtibu mpaka maziwa yakawa safi, kisha tukamkausha upya, kwa kuwa muda ulikuwa bado unatosha. Mara hii Mama Ekal mwenyewe alishika mkia. Kiwele kilipojaa akaenda kukaa kwa dada yake siku tatu ili asikione. Aliporudi kilikuwa kimeanza kunywea, ngozi imelegea vizuri, na wateja wa chai walikuwa wamezoea maziwa ya unga, au tuseme wamezoea kulalamika.

Hizo wiki za kati ndizo ambazo vijana wengi mnazitupa. Mnadhani ng'ombe mkavu hana kazi, basi anafungwa popote. Nyandeng alikuwa akimwangalia kiwele asubuhi na jioni kwa macho tu, bila kuminya, kwa sababu kuminya ili kuona kama ni kizima ndiko kunakokifungua. Alichimba mchanga mkavu kutoka kando ya laga, ule mweupe, akautandaza chini ya kivuli. Inzi walipozidi tulipaka dawa ya kuwafukuza. Zilipokaribia siku za kuzaa tulimhamishia kwenye banda lililosafishwa, tukaanza kumrudishia chakula kidogo kidogo.

Alizaa saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma, bila msaada wa mtu. Ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye bega. Alisimama, akaanguka, akasimama. Mama Ekal alikuwa ameshika nguzo ya banda kwa mikono yote miwili, hathubutu kuingia.

Nyandeng akaosha mikono kwa sabuni, akaosha chuchu, akazikausha kwa kitambaa safi. Kisha akaichukua ile ya mbele kulia, akakamua mkupuo mmoja kwenye kikombe cheusi nilichokuwa nimekishika. Hakuimba. Nilikitazama kikombe. Nikakiinamisha, nikakizungusha juani. Ilikuwa dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ya manjano, nzito, laini, hakuna bonge hata moja. Akanijaribia na zile mbili. Vilevile.

"Akiru, sema basi!" Mama Ekal akapiga kelele kutoka kwenye nguzo. "Sema, nitakufa hapa!"

Nikampelekea kikombe. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakirudisha mkononi mwangu kwa uangalifu kama kitu cha kuvunjika, akamwendea Nyandeng, akamkumbatia na ndoo yake na mikono yake yenye maji, wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Ndama hakuwangojea. Alipita katikati ya miguu yao, akaitafuta chuchu, akaipata, akaanza kunyonya mkia ukitikisika.